Wajenzi wa Tovuti Wakutanapo: Baraza Lisilo na Vyeo

Miongoni mwa kazi za ufundi zilizoenea nchini mwetu Uganda katika miaka ya karibuni, ujenzi wa tovuti ndio ambao wengi huudhania kuwa kazi ya upweke. Fundi wake hufikiriwa kuwa ni kijana aliyejifungia chumbani mbele ya kompyuta hadi usiku wa manane, asiyesema na mtu wala kuhitaji kusema na mtu. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mafundi hao hao wana desturi ya kukutana ana kwa ana, aghalabu mara moja kwa mwezi, katika ukumbi wa kuazima. Na hapo aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi huketi bega kwa bega na mtu ambaye bado anaitafuta kila herufi kwa kidole kimoja. Makutano ya namna hiyo yamefanyika Kampala, Entebbe, Jinja na Masaka, na hufanyika katika mamia ya miji mingine duniani.

Tumeona yafaa habari zake ziwafikie wasomaji wetu walioko makambini na katika vituo vya polisi. Askari wa leo ni mwanachama wa vyama vingi. Kuna chama cha kuweka na kukopa, kuna kikundi cha wake wa askari wanaoshona na kufuga kuku, kuna umoja wa wastaafu, kuna kamati ya shule wanayosoma watoto wa kambini. Kila kimoja kati ya hivyo, kikishapata nguvu kidogo, huanza kuzungumza habari ya kuwa na tovuti. Fedha huchangwa, fundi hutafutwa, kazi hufanywa, na mara nyingi hakuna hata mmoja miongoni mwa waliochanga anayefahamu ni kitu gani hasa walichonunua. Kutojua huko kuna gharama, na tutaieleza; dawa yake mojawapo, tena isiyotozwa malipo, ni mabaraza haya tunayoyasimulia.

Kwanza ieleweke tovuti ni nini. Tukiifananisha na nyumba, mna vitu vitatu ndani yake ambavyo wengi huvichanganya kuwa kimoja. Mna jina, ambalo hukodiwa kwa mwaka kutoka kwa msajili na ambalo kwa nchi yetu aghalabu huishia na herufi mbili, ug. Mna kiwanja, yaani nafasi ndani ya kompyuta iitwayo seva, isiyozimwa usiku wala mchana. Kisha mna nyumba yenyewe, yaani maandishi, picha na programu inayovipanga. Mtu aweza kulipia kiwanja akasahau kulipia jina, na siku hiyo nyumba yake ikatoweka machoni mwa watu ingawa matofali yote yapo mahali pake.

Utaratibu wa kurasa hizi ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na mji wa Geneva. Alitoa pendekezo lake Machi 1989. Na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikatangaza kwamba mtu yeyote duniani aweza kuutumia utaratibu huo bila kulipa. Twaitaja tarehe hiyo kwa makusudi. Lau ufundi huo ungefungiwa kwa hati ya umilikaji, leo kusingekuwa na watu wa kukutana Jinja siku ya Jumamosi ili kufundishana. Kungekuwako wauzaji na wanunuzi basi.

Lakini desturi ya mafundi wa kompyuta kukutana ni ya zamani kuliko tovuti yenyewe. Jioni ya tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao thelathini walikusanyika katika banda la kuegeshea gari la mhandisi Gordon French, mjini Menlo Park, katika jimbo la California nchini Marekani. Aliyeshirikiana naye kuwaita watu hao ni Fred Moore, ambaye (wasomaji wetu watamstahimilia) alikuwa amepata jina kwa kufunga chakula mwaka 1959, akipinga mafunzo ya kijeshi ya lazima katika chuo chake. Kilichowakutanisha ni kompyuta ndogo iitwayo Altair 8800, ambayo mtu aliweza kuiagiza kwa posta ikiwa vipande vipande, kisha akaiunga mwenyewe nyumbani. Mnunuzi wa kifaa hicho alikuwa mpweke kweli kweli. Vipande vilikuwa mezani, waya mkononi, na katika mtaa mzima hapakuwa na wa kumuuliza kwa nini taa haiwaki.

Kikundi hicho kilijiita Homebrew Computer Club. Kilipokua kilihamia katika ukumbi wa kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Stanford, na mwendeshaji wake akawa mhandisi Lee Felsenstein. Utaratibu aliouweka ulikuwa mwepesi, nasi twauona kuwa ndio siri ya mambo yote. Katika sehemu ya kwanza, kila mwenye neno alisimama akasema alicho nacho, anachokitafuta, au tetesi alizozisikia. Katika sehemu ya pili mkutano uliachiwa, na kila mmoja akamwendea yule aliyemsikia akisimama. Mwenye swali alikuwa amekwisha kumjua mwenye jibu. Kijana mmoja mwenye haya nyingi, Steve Wozniak, alihudhuria tangu siku ya kwanza. Alibuni kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I, akawa akigawa michoro yake bure kwa wanachama wenzake. Mwaka 1976 ndipo yeye na Steve Jobs walipoanzisha kampuni yao. Klabu yenyewe ilikutana kwa mara ya mwisho Desemba 1986.

Si kwamba mambo yote yalikuwa ya udugu. Februari 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka ishirini, aliwaandikia mafundi wa namna hii barua ya wazi, akilalamika kwamba wengi wao waliitumia programu ya kampuni yake bila kuilipia, na kuuliza ni nani atakayefanya kazi ya ustadi kwa bure. Swali lake lilikuwa la haki. Lakini majibu yake yamekuwa mawili, na yote mawili yameishi hadi leo: wapo wanaouza programu zikiwa zimefungwa, na wapo wanaozitoa zikiwa wazi ili kila mtu azifungue, azisome na kuzirekebisha.

Kwa wajenzi wa tovuti, jibu la pili lilipata nguvu mwaka 2003. Januari ya mwaka huo Matt Mullenweg, kijana wa miaka kumi na tisa wa mji wa Houston, aliandika kwamba programu aliyokuwa akiitumia kupanga kurasa zake, iliyotungwa na Michel Valdrighi, ilikuwa imeachwa bila ya mwangalizi, na kwamba alifikiria kuiendeleza. Mike Little, aliyekuwa Uingereza na hawajapata kuonana, akamjibu kwamba yuko tayari kusaidia. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza la programu waliyoiita WordPress. Leseni yake yamruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, ilimradi naye awaachie wengine uhuru ule ule alioupokea. Leo zaidi ya tovuti mbili katika kila tano duniani zimejengwa kwa programu hiyo. Mkutano wake mkubwa wa kwanza ulifanyika San Francisco Agosti 2006, na tangu hapo vikundi vya mijini vikawa vikiota kimoja baada ya kingine.

Vikundi hivyo vya WordPress vina kanuni tano, nazo ni fupi kiasi cha kuandikwa nyuma ya kadi ya likizo. Mkutano ni kwa manufaa ya jamii nzima ya mafundi, wala si kwa biashara ya mtu mmoja. Mlango u wazi kwa kila atakaye, bila kujali ujuzi wake wala uwezo wake wa fedha. Waandaaji na wasemaji hujitolea, na kama pana kiingilio, kiwe kidogo cha kulipia gharama tu. Mwanachama yeyote mwaminifu aweza kuandaa kikao. Na mwisho, pasiwe na ubaguzi, uchochezi wala ujeuri.

Ile ya pili ndiyo inayowashangaza wageni, na hasa mgeni aliyelelewa jeshini. Sisi tumezoea kwamba mafunzo yana ngazi: kuruta hufunzwa na koplo, koplo naye ana darasa lake, na hakuna anayemweka kuruta katika darasa la maofisa. Katika baraza la wajenzi wa tovuti ngazi zote huketi katika chumba kimoja kwa wakati mmoja. Msomaji atauliza, je, si vurugu hiyo? Mtu wa juu hatachoka, na wa chini hatapotea?

Kwa kawaida kikao huendeshwa hivi. Watu hufika kwa kuchelewachelewa, na huu ni udhaifu ambao askari hatausamehe. Kila mmoja husema jina lake na kinachomsumbua: huyu ukurasa wake hufunguka polepole mno, yule amesahau neno la siri, mwingine hajawahi kujenga chochote na amekuja kutazama. Kisha mmoja husimama na kueleza jambo moja kwa muda wa nusu saa hivi, huku ukuta ukionyesha kile kilichomo katika kompyuta yake. Baadaye huja sehemu ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye thamani kuliko hotuba, watu wanapogawanyika wawili wawili na watatu watatu, kompyuta zikafunguliwa magotini, na kila mwenye ubovu akamwonyesha jirani. Ni sehemu ile ile ya pili ya Felsenstein, baada ya nusu karne.

Katika sehemu hiyo mtu wa juu hachoki, kwa sababu anayeanza huuliza maswali ambayo bingwa aliacha kujiuliza zamani. Mwenye duka la nguo anapouliza kwa nini mteja alazimishwe kujaza vidirisha kumi na viwili kabla ya kuuliza bei ya gauni, fundi aliyeweka vidirisha hivyo hujikuta hana jibu. Naye wa chini hapotei, kwa sababu hakuletewa darasa zima. Ameletewa jibu la swali lake. Nidhamu imo, ila haitoki kwenye bega la mtu. Inatoka kwenye kazi iliyoko mezani: ukurasa ama unafunguka ama haufunguki, na haujali ni nani aliyeuandika.

Pana jambo moja ambalo mabaraza haya hulirudia mpaka likachosha, na ambalo askari atalielewa upesi kuliko raia, nalo ni ulinzi. Programu ya tovuti ni kama ua wa kambi. Kila baada ya muda hugunduliwa tundu katika ua, watunzaji wa programu hutoa kiraka, na mwenye tovuti hutakiwa akibandike. Tarehe 26 Januari 2017 watunzaji wa WordPress walitoa toleo jipya lililoziba tundu kubwa lililomwezesha mtu asiye na ruhusa kubadili maandishi ya ukurasa wa mwingine. Kwa hekima, walinyamaza kwa siku kadhaa juu ya tundu lenyewe, ili watu wapate nafasi ya kuziba. Wakalitangaza tarehe 1 Februari. Tovuti nyingi zilikuwa zimekwisha kujiziba zenyewe, maana tangu Oktoba 2013 programu hiyo huweza kupokea viraka vidogo bila kuguswa na mtu. Lakini wapo waliokuwa wameuzima uwezo huo, au waliojengewa tovuti na kusahau kwamba ipo. Katika siku chache kurasa zaidi ya milioni moja zilivamiwa na maandishi yake kubadilishwa.

Tukio hilo lastahili kutafakariwa na kila mkuu wa lindo. Wavamizi hawakuhitaji werevu mkubwa. Walichohitaji ni orodha ya milango na subira ya kuijaribu mmoja mmoja, kazi ambayo kompyuta huifanya bila kuchoka. Hawakuchagua mwenye mali wala adui, walichagua aliyelala. Ndiyo maana kiongozi wa chama kidogo anayesema, "Nani atakuja kutuibia sisi maskini?" hajaielewa hatari yenyewe. Mwizi wa namna hii hafuati mali iliyomo ndani ya nyumba. Mara nyingi huitaka nyumba tu, ili aitumie kama maficho ya kuwalaghai watu wengine, na polisi wakifuatilia, nyayo ziishie mlangoni pa kikundi cha kina mama wanaofuga kuku.

Dawa zake hazina uchawi. Viraka vibandikwe kila vinapotoka. Nakala ya akiba ya tovuti nzima iwekwe mahali pengine, wala si ndani ya seva ile ile, kwani ghala likiungua halibakizi ufunguo wake wa pili uliotundikwa ndani. Kila mhusika awe na jina lake na neno lake la siri, ili ijulikane nani alifanya nini, kama ilivyo katika kitabu cha matukio kituoni. Ile alama ya kufuli inayoonekana kwenye baadhi ya vivinjari karibu na anwani, inayoashiria kwamba maneno yasafirishwayo yamefungwa, hupatikana kwa hati ambayo shirika la Let's Encrypt limekuwa likiitoa bure kwa umma tangu 2015. Twasema hivi kwa sababu mtu aliyeketi katika baraza mara moja tu, akaambiwa kuwa hati hiyo aweza kuipata bure, hatakubali kwa urahisi kutozwa fedha nyingi kwa ajili yake peke yake.

Sasa tufike kwenye ile gharama tuliyoahidi kuieleza. Tuseme chama cha kuweka na kukopa cha kikosi fulani kimempa kijana hodari kazi ya kujenga tovuti. Kijana amesajili jina kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Hakuwa na nia mbaya. Kiwanja katika seva nacho amekilipia kwa simu yake. Miaka miwili hupita. Mweka hazina aliyemjua amehamishiwa kikosi kingine, kijana amepata kazi ng'ambo, ilani ya kulipia jina imekwenda kwenye barua pepe isiyosomwa. Jina likiachwa bila kulipiwa, hurudi sokoni, na yeyote aweza kulichukua: hata tapeli atakayeweka ukurasa unaofanana na ule wa kwanza na kuomba wanachama watume namba zao. Chama hakina hati ya kuonyesha kwamba jina lilikuwa lake, kwa sababu halikuwa lake hata siku moja.

Jeshi lina maarifa ya jambo hili kuliko biashara nyingi. Ofisa anapohamishwa, hukabidhi ghala kwa orodha, bunduki kwa namba zake, na anayepokea huweka sahihi baada ya kuhesabu. Tovuti nayo yataka makabidhiano. Jina lisajiliwe kwa chama, kwa barua pepe ya chama. Maneno ya siri yawekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la chama. Tarehe za malipo ziandikwe ukutani. Mambo haya matatu si ya ufundi, na mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu aweza kuyasimamia. Lakini ni katika baraza la wajenzi ndiko mtu huyasikia, kwa sababu huko mafundi huyasema mbele ya wateja na mafundi wenzao, na ni vigumu kwa fundi aliyesema hivyo hadharani kufanya kinyume chake faraghani.

Wapo watakaosema kwamba tovuti imepitwa, kwa kuwa kila kikundi chaweza kufungua ukurasa katika mitandao mikubwa ya kijamii bila gharama. Ukurasa wa namna hiyo una faida zake, hatuukatai. Ila ni kibaraza cha nyumba ya mtu mwingine. Mnamo Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifuta akaunti kadhaa za watu wa upande wa serikali, nayo serikali ikaamuru mtandao huo ufungwe nchini. Nani alikuwa na haki zaidi, hilo si la makala hii. Twamtazama mama mshonaji ambaye wateja wake wote walikuwa wakimwona hapo tu: hakuwa upande wowote wa ugomvi huo, na asubuhi moja alijikuta hana mlango. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe na kurasa zake mwenyewe alibaki na pa kuwaelekeza watu.

Kwa askari pana tahadhari ambazo raia hazimhusu sana. Tovuti ya chama cha kambini isibebe picha za lango la kambi, za magari, za ghala, wala orodha ya walioko kwenye operesheni, hata kama nia ni kuwapongeza. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na mwenye kujua huweza kuyasoma maandishi hayo. Ruhusa ya wakubwa iombwe kabla fundi hajaitwa, si baada. Askari polisi nao wanazo sheria mbili za kuzisoma: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, inayohesabu kuwa kosa kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayomtaka anayekusanya habari za watu apate ridhaa yao na azitunze. Chama kinachoweka majina na namba za simu za wanachama wake ukurasani, wazi kwa ulimwengu, huenda kikadhani kinajitangaza kumbe kinavunja hiyo ya pili. Tena mpelelezi aliyeketi na wajenzi akaona jinsi nyumba inavyojengwa atakuwa mwepesi zaidi kutambua ilivyobomolewa.

Tusiyapambe mabaraza haya kupita kiasi. Mengi hukutanikia mijini, na askari aliyeko Karamoja au mpakani hawezi kupanda basi siku nzima kwa ajili ya mazungumzo ya saa tatu. Umeme hukatika katikati ya maelezo. Gharama ya intaneti humfanya anayeanza atazame tu wakati wenzake wakijaribu. Wapo wanaokuja kwa ajili ya soda na fulana, na wapo wafanyabiashara wanaoisahau kanuni ya kwanza na kugeuza nusu saa yao kuwa tangazo. Waandaaji, kwa kuwa hawalipwi, huchoka. Kikundi kilichokuwa na watu arobaini hubaki na sita, kisha kimya. Aliyeona vyama vya ushirika vikifa ataujua ugonjwa huu: kazi yote ilikuwa juu ya mgongo wa mtu mmoja. Kanuni ya nne, inayomruhusu mwanachama mwingine kuandaa kikao, iliwekwa kwa ajili hiyo hasa, na pale isipofuatwa baraza halidumu.

Upungufu mwingine, ambao wasomaji wetu waweza kusaidia kuupunguza, ni lugha. Mazungumzo huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, na mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kubabaisha huona aibu kuuliza, ingawa mlango aliambiwa u wazi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo WordPress hutafsiriwa na watu wanaojitolea, na kazi iliyobaki ni nyingi. Kazi hiyo haihitaji ufundi wa kompyuta. Yahitaji mtu aijuaye lugha vizuri, na katika nchi yetu, hapana shaka, majeshi na polisi ndiko Kiswahili kilikokaa muda mrefu zaidi kikiwa lugha ya kazi. Askari mwenye simu iliyounganishwa na intaneti aweza kutafsiri mistari kumi akiwa amepumzika baada ya zamu, na mistari hiyo, ikishakaguliwa, itasomwa na mwenye duka wa Mbale, mwalimu wa Kigoma na fundi wa Mombasa.

Mara nyingi neno linalotafutwa limekwisha kukaa kambini. Watafsiri wametunga "nywila" kwa lile neno la kufungulia kompyuta, na wapo waliolipokea na wapo wanaolikataa. Mlinzi wa lango la kambi, anapomsimamisha mtu gizani, huuliza neno la siri, na hajawahi kuhitaji kueleza maana yake.